Twelve Songs of Christmas ya Jim Reeves: piga usiku, sauti ikiwa chini

Desemba ikianza tu, maduka makubwa hapa Eldoret yanafungulia Boney M. asubuhi hadi jioni, na kabla mwezi haujafika katikati mtu ameshachoka na Krismasi. Kwetu nyumbani tulihamia kwa Jim Reeves, mwimbaji wa muziki wa kantri kutoka Marekani. Albamu yenyewe ni ya kitambo, ilitolewa na RCA Victor mwaka 1963. Julai 1964 Reeves akafariki katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe karibu na Nashville, akiwa na miaka 40. Yaani tangu itoke aliiona Krismasi moja tu.

Nianze na nisichokipenda. Nyimbo za kuchangamka hazimkai, hasa Jingle Bells na The Merry Christmas Polka. Anasikika kama mzee wa kanisa aliyevutwa na suti yake hadi katikati ya ukumbi wa dansi: hatua zote anazipata, lakini unatamani wamrudishe akae. Señor Santa Claus huwa naipita. Ile ya kutaja herufi za Christmas moja moja inawafurahisha watoto, basi naiacha iende.

Akipunguza mwendo ndipo utamjua. Reeves alikuwa na mtindo wa kuimba midomo ikikaribia kugusa maikrofoni, kwa sauti ya chini, wakati wenzake wengi wa kantri walikuwa wakipaza. Ndivyo alivyoimba Four Walls mwaka 1957, na hakugeuka tena. Fidla za kukwaruza na banjo usizitafute hapa. Chet Atkins, prodyuza wake, ni mmoja wa walioitoa kantri ya Nashville huko na kuipeleka kwenye piano laini na waitikiaji wa nyuma. Wako wapenzi wa kantri wanaosema huo ni ulaini uliopita kiasi. Kwa nyimbo za baa labda wana haki. Kwa O Little Town of Bethlehem na O Come, All Ye Faithful, siwaungi mkono. Anaziimba bila madoido, kila neno linasikika, wala hajaribu kukuonyesha ana mapafu makubwa kiasi gani.

Silent Night ndiyo inayofunga albamu, na ningeilipia peke yake. Wimbo huu ulipoimbwa mara ya kwanza, mkesha wa Krismasi 1818 kule Oberndorf, Austria, uliimbwa kwa gitaa, kwa hiyo mtu wa kantri kuushika si kuvamia shamba la watu. Mwendo wake ni wa polepole kiasi kwamba mama anaimba maneno ya Kiswahili juu yake akiwa anachambua mchele, na hapitwi hata na silabi.

Halafu kuna An Old Christmas Card. Katikati anaacha kuimba, anaanza kuongea tu: kila mwaka msimu huu moyo unamlainika, anaikumbuka kadi aliyopewa na mpenzi wake Krismasi yao ya kwanza, na jinsi lazima alipekua kadi maelfu kuipata ile yenye shairi. Ukiandikiwa kwenye karatasi utacheka. Ukiisikia kwa ile sauti yake nzito, hucheki. Baba mkwe wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, huomba irudiwe. Kuhusu White Christmas, sisi Desemba tunaota maembe, lakini theluji yake naivumilia.

Ushauri kwa anayetaka kununua. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa ya flashi kutoka duka moja mjini: nyimbo mbili zimekatwa katikati, na nyingine si za Krismasi kabisa. Mtandaoni nako kuna mikusanyo mingi yenye picha yake na majina ya kufanana. Hesabu nyimbo: ziwe 12, ianze Jingle Bells, iishie Silent Night. Nzima haifiki dakika 40. Besi ya sabwufa ishushe, maana ikizidi sauti yake inazama na kubaki mvumo. Na kama una wageni wanaotaka kucheza, wawekee Boney M., hii subiri waondoke.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na polka.