Pete, kinara na skafu za fuvu: miezi minne ya matumizi

Siku ya tisa tangu niinunue, pete yangu yenye fuvu la kichwa iliniachia duara la kijani kwenye kidole cha kati, na hapo ndipo nilipoamua kuandika kuhusu duka lile la ghorofa ya pili, Kariakoo. Silitaji kwa jina, kwa sababu bidhaa hizo hizo zimejaa katika maduka ya jirani na kosa nililolikuta hapo linaweza kukutwa kwa wengine. Nilinunua vitu vitatu kwa mkupuo mmoja: pete kwa shilingi 45,000, kinara cha mshumaa chenye umbo la fuvu kwa shilingi 38,000, na skafu nyeusi yenye mafuvu madogo meupe kwa shilingi 12,000. Nimevitumia vyote kwa miezi minne, kimoja kwa furaha, kimoja kwa hasira na kimoja bila hisia yoyote.

Ni vyema nieleze kwanza mtu mzima mwenye kazi ya uhasibu alikuwa anatafuta nini kwenye rafu ya mafuvu. Wengi wetu tuliokulia mjini tulilijua fuvu kabla hatujajua kusoma. Lilikuwa pale kwenye kibao cha transfoma, pamoja na mifupa miwili iliyopishana na neno HATARI, na lilikuwa tena kwenye chupa ya sumu iliyofichwa juu ya kabati. Maana yake ilikuwa moja tu, usiguse. Kisha zikaja fulana za mtumba za bendi za roki ambazo hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kuzisikia, na fuvu lile lile lililotufukuza kwenye transfoma likawa linavaliwa kifuani na kijana anayeuza maji stendi. Nimekuwa nikijiuliza tangu wakati huo kwa nini mtu apende kukaa karibu na kitu alichofundishwa kukikimbia, na nilitaka kujua kama kikiwa changu, kidoleni au mezani, kinabaki na uzito wowote au kinageuka kuwa pambo kama maua ya plastiki.

Kinara ndicho bora kati ya vitu hivyo vitatu. Kimetengenezwa kwa rezini iliyomiminwa kwenye kalibu, kina kimo cha sentimita 14 hivi na uzito unaokaribia nusu kilo, kwa hiyo hakipinduki mtu akigonga meza. Utosini pamechimbwa tundu la kukalia mshumaa, na ukiuwasha usiku nta hutiririka juu ya paji na kuganda ukingoni mwa matundu ya macho, jambo ambalo sikulitarajia lakini ndilo lililonifanya nikipende. Aliyechonga kielelezo chake alilijua vizuri fuvu la mtu. Mishono inayounganisha mifupa ya kichwa imechorwa kwa mstari unaopindapinda kama mto kwenye ramani, mifupa ya mashavu imejitokeza kwa kiasi kinachostahili, na mahali pa pua pameachwa tundu linalofanana na kopa la karata lililopinduliwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya pua ya binadamu ni gegedu ambalo huoza likapotea. Kosa liko kwenye meno. Safu ya juu nimehesabu 12, ilhali mtu mzima ambaye meno yake yote yameota ana 16 juu na 16 chini, na yote yamelingana kama punje za hindi bichi. Taya la chini limegandishwa na la juu, jambo ambalo si baya kwa kinara, lakini kisogoni mshono wa kalibu haukusuguliwa na unakwaruza kidole.

Ukikaa na kitu hiki wiki mbili tatu, unaanza kuelewa kinachowavuta watu. Fuvu linacheka. Halina midomo ya kufunika meno, kwa hiyo mafuvu yote duniani, la aliyekufa kwa raha na la aliyekufa kwa taabu, yana kicheko kile kile, na hujui kama linakucheka wewe au linacheka pamoja nawe. Matundu mawili na mstari wa meno yanalitosha jicho la binadamu kuona uso; ndiyo maana tunauona hata kwenye nazi iliyofuliwa, yenye macho yake matatu, na mimi sishangai kwamba fuvu na kifuu yanasikika kama maneno ya ukoo mmoja. Tena uso huu hauna umri wala kabila, na hauna mtu unayeweza kusema unamfahamu. Kwa kuwa si wa mtu yeyote, kila anayeuweka mezani anaweza kuufanya wake mwenyewe, akauzoea kidogo kidogo huku akisoma gazeti.

Si kila mtu nyumbani aliyeliona hivyo. Dada anayetusaidia kazi alipangusa meza nzima na kukiruka kinara kwa siku kumi na mbili, mpaka vumbi likachora duara kukizunguka. Alipoulizwa, alisema kwa adabu kwamba kwao kitu cha namna hiyo huonekana kwa mganga tu. Mama yangu, ambaye ni mtu wa Tanga, alikuja kututembelea mwezi wa pili, akala chakula cha mchana bila kusema neno, kisha akainuka, akakigeuza kinara kikatazama ukuta, akarudi kuketi. "Mwanangu," alisema, "kinatutazama tukila." Sikukigeuza tena mpaka alipoondoka. Wasiwasi wao ninauheshimu, na mfanyabiashara anayeagiza bidhaa hizi angefaa kuuelewa, maana huku pwani ukumbusho wa mauti ulikuwapo tangu zamani bila kuhitaji mfupa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, alipotaka kuuzindua moyo wake aliuonyesha majumba ya mji wa Pate yaliyogeuka magofu, na madaka ya ukutani yaliyokuwa ya kuwekea vyombo vya kaure sasa yamekuwa makazi ya ndege. Kwa mtu aliyelelewa katika fikra hizo kidaka kitupu kinatosha, na kumwekea fuvu mezani ni sawa na kumpigia kelele masikioni.

Sasa pete. Kwa umbo inashinda bei yake: fuvu ni dogo, limelala vizuri juu ya kidole, matundu ya macho yamepakwa weusi ili yaonekane na kina, na ndani imepigwa muhuri wa 925, namba inayomaanisha kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini yaliyotumika, 925 ni fedha halisi. Muhuri ule ndio ulionifanya nilipe bila kubishana. Nilipoona ukijani nilimpelekea sonara, akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tone la tindikali, akanitazama kama mtu anayetoa pole msibani. "Kaka, hii ni shaba. Imepakwa tu." Nilirudi dukani na pete pamoja na risiti. Muuzaji alinijibu kwamba bidhaa ikishavaliwa hairudishwi, kisha akaongeza, kwa ukarimu ambao sikuuomba, kwamba shaba ni nzuri kwa maumivu ya viungo. Sikurudishiwa hata shilingi moja, wala sikubadilishiwa.

Inaudhi zaidi kwa sababu pete ya fuvu ina historia ya heshima. Huko Ulaya, katika karne ya 16 na ya 17, watu wenye uwezo walivaa pete za dhahabu zilizopambwa kwa fuvu dogo ili mkono wao wenyewe uwakumbushe kwamba watakufa, na nyingine ziligawiwa kwa waombolezaji ili wamkumbuke marehemu. Wachoraji wa Uholanzi wa karne hiyo ya 17 waliweka fuvu mezani pamoja na saa ya mchanga, mshumaa uliozimika na maua yanayoanza kunyauka. Mwaka 1978 masonara wawili wa London, David Courts na Bill Hackett, walimtengenezea Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Rolling Stones, pete ya fedha yenye fuvu, naye akaivaa miaka na miaka hata ikawa kama sehemu ya mkono wake wa kupigia gitaa. Watu wengi wanaoivaa leo, hata wasipolijua jina lake, wanamwiga yeye. Kitu chenye ukoo huo kikiuzwa na muhuri wa uongo, ninachovaa kidoleni hakinikumbushi mauti, kinanikumbusha shilingi 45,000.

Kuhusu skafu sina mengi. Ni mwigo wa skafu ya Alexander McQueen, mbunifu Mwingereza aliyeyaingiza mafuvu hayo kwenye mavazi yake ya mwaka 2003, na tangu hapo yameigwa mpaka yamechoka. Yangu ni ya poliesta, inateleza shingoni, na nyeusi yake imeanza kuwa ya kijivu baada ya kufuliwa mara tatu. Ukiitazama kwa mbali mafuvu yanaonekana kama madoa ya kanga, na pengine hiyo ndiyo faida yake, kwani nimeivaa ofisini mara nne na hakuna aliyegundua.

Lipo jambo jingine lililotokea dukani ambalo limenikaa kichwani kuliko pete. Muuzaji alipoona nimekipenda kinara, alipanda ngazi akashusha fuvu jingine kutoka rafu ya juu, la shilingi 120,000, lenye rangi ya pembe iliyokaa sana, ufa mwembamba upande wa kushoto wa paji na pengo la jino moja la mbele. "Hili linafanana na la mtu kabisa," alilisifia. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake. Nililishika, na ingawa nilijua ni rezini kama lile jingine, swali la kwanza lililonijia ni hili ni la nani, nikalirudisha juu ya kaunta haraka kuliko ilivyo adabu.

Aliyewahi kufika Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, atanielewa. Pale makumbusho, ndani ya kasha la kioo, limewekwa fuvu la Mtwa, yaani chifu, Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwezi Julai mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa, kikachukuliwa. Kurudishwa kwa fuvu kukaandikwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na hata hivyo ilikuwa mpaka mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mafuvu mengine ya watu wa Afrika Mashariki yalibaki kwenye makabati ya Berlin, na mwaka 2023 ilitangazwa huko kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha ndugu wa baadhi yao walio hai hapa Tanzania. Mtu anayeyajua hayo hawezi kuchukulia ufa wa paji na pengo la jino kama urembo, kwa sababu alama kama hizo ndizo zinazoligeuza fuvu lisilo la mtu kuwa la mtu fulani. Ndiyo maana hata lile fuvu la platinamu na almasi 8,601 la msanii Mwingereza Damien Hirst, lililoonyeshwa London mwaka 2007, silitamani hata kwa picha: umbo lake lilitokana na fuvu la mtu wa karne ya 18, na meno yaliyomo ni ya mtu halisi.

Wameksiko wamelitatua jambo hili kwa njia yao. Kwa ajili ya Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, hutengenezwa mafuvu ya sukari yaliyopambwa kwa rangi, na juu ya paji huandikwa jina, mara nyingine la marehemu, mara nyingine la rafiki aliye hai ambaye hupewa fuvu lake mwenyewe alile. Mchongaji José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913, aliwachora matajiri wa siku zake wakiwa mifupa mitupu chini ya kofia za manyoya, na watu wakacheka. Duka lina mafuvu ya kaure yenye maua ya namna hiyo kwa shilingi 25,000, lakini yanauzwa kama "mapambo ya sherehe za Wazungu", na rangi niliyoikwaruza kwa ukucha ilibanduka palepale.

Anayekwenda huko anunue kinara, asugue kisogo chake kwa msasa laini kabla ya kukiweka sebuleni, na akitangulizie kisahani kwa sababu nta inafika mezani. Pete yenye muhuri asiiguse mpaka sonara aione kwanza, na muuzaji akikataa isitolewe dukani, jibu ameshalipata. Skafu ni ya kuchukua kama zimebaki chenji. Kinara changu sasa kimehamia kwenye rafu ya vitabu, mbali na meza ya chakula, na dada ameanza kukipangusa, ingawa kwa ncha ya kitambaa na huku ameutazama mlango.