Krimu ya kupiga ya duka moja la Ngamiani: uzoefu wangu

Hukumu kwanza: kama uko Tanga na kaskazi hii, keki yako ya tabaka usiifunike kwa krimu ya kupiga kutoka duka lile la vifaa vya keki pale Ngamiani. Jina nalihifadhi, wanajijua.

Pakiti ilipofunguliwa, chini maji meupe, juu mabonge kama maziwa yaliyokatika. Bakuli limetoka kwenye friza, miksa spidi ya kati, kila kitu kama inavyotakiwa. Ikatoa povu, ikagoma kusimama. Krimu nzima huvimba mara tatu hivi, na miksa huacha mifereji isiyofutika. Hii iliteleza ubavuni mwa keki huku ikikokota chenga za sponji. Yaani krimu hii, ambayo huuzwa ikiwa imegandishwa, iliyeyuka dukani, ikagandishwa tena. Barafu ikijijenga upya polepole hufanya chembe kubwa zinazopasua mchanganyiko wa mafuta na maji, mafuta yakashikana mabonge. Hapo hata upige mpaka magharibi.

Nikairudisha. Kijana wa kaunta hakuiangalia hata pakiti. "Dada, kama hujui kupiga krimu, nunua mkate." Tanga hii, ambako hata mdai huanza na salamu! Pesa hakurudisha, pole hakutoa, akaendelea na simu yake.

Kwa hasira nikarudi kwenye batakrimu, ile ya mafuta yaliyopigwa na sukari. Keki ya inchi 8 yenye tabaka tatu hula gramu 300 za mafuta na 600 za aising shuga (sukari laini kama unga), maziwa vijiko viwili vya chakula, chumvi kidogo. Siagi tupu kwa joto letu haikai, kwenye nyuzi 30 na kitu tayari inateremka. Gawa nusu kwa nusu: 150 siagi, 150 mafuta ya mgando ya kupikia yasiyo na harufu. Majarini ya kupaka mkate usiiguse, ina maji mengi, inalegea. Paka kwanza safu nyembamba ya kukamata chenga, weka frijini nusu saa, ndipo upake ya pili. Inasimama vizuri mno. Ila niseme ukweli, yale mafuta hubaki yamegandia kwenye kaakaa, na wageni wangu wengi hukwangua aising wakaiacha kando ya sahani.

Krimu haiachwi kwenye sahani, na hapo ndipo hasira inaponiponza. Maana pakiti nyingine, aina ile ile, duka lile lile, niliyoitoa mwenyewe chini kabisa ya friza ikiwa ngumu kama tofali, ilikuwa nzuri ajabu. Ililala frijini usiku mzima, ikapigwa ikiwa bado na chembechembe za barafu. Nusu lita ilijaza na kufunika keki nzima, pembe zikakaa kali. Fondanti tu, ule mkate laini wa sukari wa kufunikia keki, usiilaze moja kwa moja juu yake. Unyevu huyeyusha sukari, ikaanza kutoka jasho na kubonyea.

Basi krimu yenyewe haina kosa, kosa ni friza lao na ulimi wa yule kijana. Pakiti iliyovimba, au yenye barafu iliyoegemea kona moja, iache hapo hapo. Kununua nitanunua tena, wengine hawana. Ila nitamtuma mtu.