Kikokotoo kipi kwa mtengenezaji wa programu wa Lubumbashi?

Mtengenezaji wa programu hapa Lubumbashi hufanya hesabu ndogondogo mchana kutwa: TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye ankara ya mteja, bei ya dola inayogeuzwa kuwa faranga, muda ambao faili kubwa itachukua kushuka. Vifaa vya kazi hiyo ni vingi, ila wanaovisifu mara nyingi ni watu wasiokatiwa umeme, wasionunua intaneti kwa mega na wasiotumia kibodi ya AZERTY, ile ya Kifaransa. Nimevipima kwa mahitaji yetu: kama vinafanya kazi bila intaneti, kama vinaelewa mkato wa desimali tuliofundishwa shuleni kwa Kifaransa, na kama majibu yake yanaaminika panapohusika pesa.

Nianze na bc, kikokotoo cha kuandika amri, kwa sababu ni nyepesi na hupatikana kwenye kompyuta nyingi za Linux. Ubaya wake ni kwamba isipoambiwa ihifadhi tarakimu ngapi baada ya nukta, kila inapogawanya hutupa desimali zote. Ukiandika 250*16/100 utapata 40, ambayo ndiyo TVA sahihi ya dola 250. Ukiandika 16/100*250 utapata 0, tena bila onyo lolote. Dawa ni kuifungua kwa amri ya bc -l, au kuandika scale=4 kabla ya kuanza, lakini kifaa ambacho jibu lake hubadilika namna hiyo siwezi kumpa mwanafunzi anayeanza kazi.

Wengi wetu hutumia Python, lugha ya kuandikia programu, kama kikokotoo na daftari la majaribio kwa pamoja, na wana sababu nzuri: msimbo unaoujaribu pale ndio huohuo utakaouingiza kwenye programu, na hauhitaji intaneti hata kidogo. Tangu toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, sehemu yake ya maingiliano inaonyesha rangi na inakuruhusu kurudisha kipande kizima cha mistari kadhaa na kukihariri, badala ya kuusaka mstari mmojammoja. Hata hivyo, mtu aliyezoea mkato ajihadhari. Ukiandika 3,5*2 hupati 7, na wala huambiwi kwamba umekosea. Unapata (3, 10), kwa kuwa Python huuona mkato kama kitenganishi cha vitu viwili. JavaScript, lugha ya kurasa za mtandao, kwenye kivinjari ni hatari zaidi, maana hujibu 10 peke yake, nambari ambayo mtu mwenye haraka ataipokea bila kuitilia shaka.

Kwenye pesa, lugha hizo mbili zina kasoro moja, inayotokana na kuhifadhi desimali kwa mfumo wa tarakimu mbili tu, 0 na 1: 0.1+0.2 hutoa 0.30000000000000004, na kwenye Python round(2.675, 2) hutoa 2.67 pale ambapo mhasibu anatarajia 2.68. Moduli ya decimal ya Python huondoa tatizo hilo, mradi nambari uipe kama maandishi, yaani Decimal("2.675"). Kwa programu ya ankara huo ni wajibu. Kwa hesabu ya kupita tu, ni usumbufu.

Ndiyo maana chaguo langu kwa hesabu tupu ni Qalculate!, ambayo ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Ina dirisha la kawaida, na pia ina umbo la terminali (dirisha la kuandika amri) liitwalo qalc, ambalo ndilo ninalolipenda. Kompyuta ikiwa imewekwa kwa Kifaransa, 3,5*2 inatoa 7 na 0,1+0,2 inatoa 0,3, na ndani ya fomula vipengele hutenganishwa kwa nuktamkato. Hugeuza vipimo, na ukiandika 0xff to bin utaona biti zote za nambari 255. Viwango vya kubadilisha fedha huvichukua kwenye Benki Kuu ya Ulaya na vyanzo vingine vya mtandaoni na kuvihifadhi, jambo zuri kwa mtu asiye na intaneti kila saa. Lakini mteja anayelipa taslimu anafuata kiwango cha kambiste (mbadilisha fedha) wa barabarani, kwa hiyo kiwango hicho ni bora ukiandike mwenyewe. Menyu zake ni nyingi kupita kiasi, na mgeni atapotea humo kwa muda.

Numbat, kikokotoo cha vipimo, inastahili nafasi pembeni yake. Inataka nukta, si mkato, lakini kwa vipimo haina mchezo: ukijumlisha mita na sekunde inakataa. Faida yake huonekana tunapochanganya biti na baiti (baiti moja ni biti nane), kosa la kila siku kwa wanaonunua mega. Gigabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua sekunde 4000, yaani saa 1, dakika 6 na sekunde 40; gigabaiti hiyo ikihesabiwa kwa 1024 badala ya 1000, inakaribia saa 1 na dakika 12.

Soulver, inayoweka jibu la kila mstari upande wa kulia, ni nzuri kwa macho kuliko zote, lakini ni ya Mac na hulipiwa, na sioni kwa nini mtu abadilishe kompyuta kwa ajili ya kikokotoo. Kikokotoo cha Windows kina hali ya watengenezaji programu inayotosha kwa biti, ingawa humo hakuna desimali. Anayeandika JavaScript tu aijaribu RunJS, ambayo huonyesha matokeo kando unapoandika; ni nzito kwa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, na vifurushi vya npm (msimbo wa JavaScript uliotengenezwa tayari) avipakue mapema, wakati mega bado zipo.