WinSCP na ruhusa za faili: kutoka Windows hadi seva ya Linux

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihamisha faili za tovuti kutoka kompyuta ya Windows kwenda seva ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa kutumia WinSCP, programu ya bure iliyoanzishwa na Martin Přikryl, na sehemu yake ninayoithamini kuliko zote ni ile ambayo wengi huiruka: kupanga ruhusa za faili wakati wa kuzipakia.

Ruhusa za Windows na za Linux hazifanani, kwa hiyo faili mpya ikifika upande wa pili bila maelekezo, seva ndiyo huipangia ruhusa kwa kufuata umask yake, yaani mpangilio unaoamua ni ruhusa zipi faili mpya inyimwe. Hilo nililijua kwa taabu. Jioni moja nilipakia folda ya picha, nikaikagua nikaona kila faili ipo na ukubwa ni uleule, lakini kivinjari kikarudisha 403, yaani kosa la kukatazwa, kwa kila picha. Umask ya akaunti yangu ilikuwa 077, inayowanyima wengine wote kila haki. Faili zilikuwa zimekaa na 600 (mmiliki pekee husoma na kuandika) na folda yenyewe 700 (mmiliki pekee huingia), nayo Nginx, programu ya seva inayotoa kurasa za tovuti na inayotumia akaunti ya www-data, haikuwa na haki hata ya kuingia.

Dawa imo katika mipangilio ya uhamishaji. Ukitia tiki kwenye kisanduku cha ruhusa na kuandika 644 (mmiliki husoma na kuandika, wengine husoma tu), kila faili hufika na ruhusa hiyo, na kisanduku kingine huongeza X, yaani haki ya kuingia, kwenye folda pekee, zikawa 755. Hicho cha pili ndicho kilichoniteka moyo, kwani folda yenye 644 haiingiliki, na anayeendesha chmod -R 644, amri ya kubadili ruhusa za folda na vyote vilivyomo, kwa pupa hujifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Faili zilizokwisha kufika husahihishwa kwa kuziteua na kubonyeza F9.

Kasoro zipo. Kisanduku cha ruhusa hakina tiki tangu mwanzo, na mgeni hana cha kumzindua. Mmiliki wa faili naye habadiliki ikiwa hukuingia kama root, yaani msimamizi mkuu. Hapo utalazimika kutumia sudo chown, amri ya kubadili mmiliki, kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Skripti yangu moja niliipa 755, inayoruhusu faili kuendeshwa, ikagoma vilevile, kwa sababu mistari yake ilikuwa bado na miisho ya Windows, alama za mwisho wa mstari zisizolingana na za Linux. Nilipoipakia upya kwa hali ya maandishi, inayobadili miisho hiyo, ndipo ikatii.

Ufunguo wa siri wa SSH usiupitishe kwenye mpangilio huu wa 644, kwani SSH itaukataa: upe 600.