Tathmini ya Mchanga wa Kuogeshea Hamsta
Mchanga huu, unaouzwa ukiwa umeoshwa, umekaushwa na kuchekechwa, umeniridhisha kuliko ule unga laini wa kuogeshea chinchila (mnyama mdogo mgugunaji mwenye manyoya mazito) ambao wengi huununua wakidhani ni kitu kilekile. Unga ule hupaa hewani na kudhuru mapafu ya hamsta, mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na panya. Mchanga huu nilipoumimina kutoka juu ulishuka moja kwa moja bila kutimua vumbi, na chembe zake hazina ncha kali. Haujatiwa manukato wala kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa), jambo ninalolithamini sana, kwa kuwa mchanga wa kalisi hugandamana ukilowa. Hamsta wangu hujibiringisha humo, husugua mashavu, kisha hujikung'uta, na manyoya yake hubaki makavu yenye kung'aa, maana mchanga hufyonza mafuta yaliyozidi pasipo kumtia baridi kama yafanyavyo maji, ambayo hayafai kumwogeshea. Kasoro niliyoiona ni mfuko usiofungika tena ukishafunguliwa, hivyo unyevu huingia kwa urahisi. Ni afadhali kuuhamishia kwenye kopo lenye mfuniko. Tena, kwa kuwa hamsta wengi hukojoa humohumo, mchanga uchekechwe kila siku na sehemu iliyolowa itupwe.