Rivolva kama bastola ya kwanza: uzoefu wangu

Bastola yangu ya kwanza ni rivolva ya chuma, risasi 6, mtutu wa inchi 4, ya kipimo cha .357 Magnum. Ningeanza upya leo, ningechukua hiyo hiyo. Nguvu yake si sababu. Sababu ni kwamba ukishafungua silinda, ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi, hakuna kinachofichika: matundu ni 6, unayaona yote, yana risasi au hayana.

Bastola ya magazini, yaani kibweta cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, humponza mgeni hapo hapo. Anachomoa magazini akidhani kamaliza, kumbe risasi moja imebaki chemba, tundu la kufyatulia lililo nyuma ya mtutu. Utaratibu ni kuchomoa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma) na kukagua chemba kwa jicho na kidole. Akianza na slaidi, risasi moja itatoka na nyingine itaingia. Tena slaidi inataka mkono wenye nguvu, na ukiishika bastola kwa kifundo kilicholegea, ganda hukwama njiani. Rivolva haijali umeishika vipi, itazunguka tu.

Gharama yake iko kwenye triga. Bila kukoki nyundo, yaani kuivuta nyuma kwa dole gumba, triga ni ndefu na nzito, kama kilo 5, na wengi hupiga chini kushoto kwa sababu wanaikwapua. Dawa ni mazoezi makavu: hakikisha silinda ni tupu, toa risasi zote chumbani, weka sarafu juu ya mtutu nyuma ya kilengeo cha mbele, kisha vuta taratibu mpaka nyundo ianguke. Sarafu ikidondoka, mkono umeyumba. Usijizoeze kukoki nyundo kila mara, maana triga ya hapo ni nyepesi mno kwa mtu mwenye hofu.

Kuhusu risasi, bastola ya .357 inakubali pia .38 Special, na hizo ndizo za kujifunzia: teke lake, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma, ni dogo. Ila ganda la .38 ni fupi, kwa hiyo huacha pete ya masizi ndani ya tundu. Usipoisugua kwa brashi, siku ukitia .357 maganda yatagoma kuingia au kutoka.

Wanaosema rivolva haikwami wanakosea. Kinachonisumbua zaidi ni punje za baruti isiyoungua zinazonasa chini ya nyota inayosukuma maganda. Punje chache tu, nyota haikai sawa, na silinda inakuwa nzito au haifungi kabisa. Ndiyo maana maganda hutolewa mdomo wa bastola ukiwa juu, kwa pigo moja la nguvu kwenye fimbo inayoisukuma nyota hiyo, ili uchafu udondoke nyuma. Kaza pia fimbo hiyo. Ikilegea silinda haifunguki. Na silinda isifungwe kwa kutikisa mkono kama kwenye sinema: kipande cha chuma kinachoibeba hupinda, na fataki, zile za kuwasha baruti kitakoni mwa risasi, hazigongwi tena katikati.

Risasi ikigoma, mazoezini weka mtutu kwenye shabaha uhesabu sekunde 30, fataki yaweza kuchelewa. Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, acha kabisa: huenda risasi imekwama mtutuni, na ya pili itaupasua. Vidole visisogee kando ya mbele ya silinda, kwa kuwa mwanya ulio kati yake na mtutu hutema gesi ya moto inayochana nyama.

Anayetaka risasi 15 bila kujaza tena, rivolva haimfai. Na mgeni asidanganywe na zile ndogo nyepesi za risasi 5, zenye uzito wa gramu 400 hivi. Huumiza kiganja, na baada ya duru mbili anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Yangu ina kilo moja na kidogo, na uzito huo ndio unaomeza teke.

Nyumbani hukaa ndani ya sanduku la kufuli, silinda wazi, na kufuli jingine limepita kwenye fremu palipo wazi. Hivyo silinda haiwezi kufungwa. Risasi ziko kwenye sanduku lake.