Kupima madini ya risasi kwenye damu hapa Mombasa: kijana wa sindano na "bahati" yake

Bei wameibandika mlangoni na saa za kufungua ziko kwenye bango, hayo mtajisomea. Mimi nataka kuzungumza habari ya sabuni.

Maabara yenyewe iko upande wa bara, ukishavuka Makupa. Wanapima madini ya risasi kwenye damu kwa kimashine cha mezani na jibu unalipata ukiwa bado hujainuka kwenye benchi. Niliingia pale majuzi, vidole vikiwa vimeshika chubwi asubuhi nzima, zile za wavuvi zinazoyeyushwa kutoka kwenye betri kuukuu za magari (ndiyo habari ninayoichimba kwa sasa), na nikamwambia kijana wa sindano hivyo hivyo, bila kuficha. Akaitika "haya". Akapitisha pamba ya spiriti kwenye kidole, akadunga, akakamua kama anayekamua ndimu. Dakika tatu baadaye kimashine kikaandika 11.8, namba ya juu.

"Ami, hiyo ni bahati tu," akaniambia. "Wako wanaoyeyusha betri miaka na miaka na hawana neno."

Bahati! Spiriti kazi yake ni kuua vijidudu. Risasi si kijidudu, haifi. Ukiipaka spiriti unaitandaza tu. Na hesabu yake haina siri. Kimashine kile hunywa mikrolita 50 za damu, tone dogo tu. Kwa kiwango cha mikrogramu 11.8 kwa desilita, tone lile lina nanogramu 6 hivi za risasi. Sasa chukua punje moja ya risasi tupu yenye upana wa sehemu moja katika mia ya milimita, nyembamba kuliko unywele mara kadhaa: uzito wake ni hizo hizo nanogramu 6. Punje moja iliyojificha kando ya ukucha inatosha kukuzulia jibu zima. Kijana ameambiwa mikono imetoka kwenye chubwi, na bado anatafuta bahati.

Inavyotakiwa, na yeyote anayepeleka mtoto ayashike haya: mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha zisuguliwe, kisha kidole kisiguse kitu tena, hata nguo. Kikaushwe kwa karatasi safi. Spiriti ije baadaye na iachwe ikauke. Kidole cha kati au cha pete, pembeni kidogo ya ncha. Tone la kwanza lifutwe. La pili ndilo linaloingia kwenye kineli, kile kibomba chembamba cha kunyonyea damu, mpaka kwenye mstari, bila povu, na damu iliyonata nje ya kineli ipanguswe, maana nayo huongeza. Kukamua ni kosa la pili: unachanganya damu na majimaji ya nyama, na damu ikianza kuganda jibu huweza kushuka. Yaani kijana yule kwa mkono mmoja alikuwa anapandisha namba na kwa mwingine anaishusha.

Nilipolalamika alitoka mama mmoja wa chumba cha nyuma, msimamizi wao, na hapo lazima niseme kweli. Hakubishana. Akachukua damu ya mshipa wa mkono, akatumia kichupa chenye hati kwamba hakina risasi, na akakataa kabisa kuipitisha kwenye kimashine cha mezani. Akaipeleka Nairobi kwenye mashine kubwa. Huyo anajua kazi: mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba vimashine vya namna hiyo vilikuwa vinatoa majibu ya chini kuliko ukweli kwa damu ya mshipa. Hakunitoza. Jibu likarudi 2.6. Marekani mtoto huanza kufuatiliwa akifika 3.5, kwa hiyo niko chini ya hapo. Nilikuwa nimeshaandika kichwani "msiende kabisa", nikafuta. Huduma ya yule mama ningeisifia popote.

Kisha nikapita mapokezi kuchukua karatasi, na kijana: "Umeona ami? Una bahati!"

Nimerudisha niliyoyafuta.

Maana si mimi tu. Kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa uliochafuliwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, ilibebwa na vipimo kama hivi. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Miaka yote hiyo ni ya kubishania ushahidi. Wakili wa upande wa pili akiuliza swali moja tu, "mikono ilioshwa?", karatasi ya kijana huyu inakuwa ya kufungia karanga. Na ikigeuka upande mwingine ni hatari zaidi: mtoto ana risasi kweli, mzazi anaambiwa labda ni vumbi, anarudi nyumbani kwenye sumu ile ile. Mtoto huinyonya risasi tumboni mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma huzidi. Kama kuna bahati mahali ni hapo, nyumba uliyozaliwa iko upande gani wa upepo.

Wala 2.6 yangu si cheti cha usafi. Risasi hukaa kwenye damu mwezi hivi ikabaki nusu, nyingine ikajichimbia kwenye mifupa kwa miongo. Anayeyeyusha chubwi apime akiwa kazini, si baada ya likizo ya miezi mitatu. Na akina mama, ule wanja wa manga wa jiwe la kung'aa mara nyingi ni risasi na salfa, msiwapake watoto kisha mkashangaa namba.

Kwa hiyo mwende? Nendeni, ila mwulizieni yule mama, na ombeni damu ya mshipa ikiwa kidole kimetoa 3.5 au zaidi. Sinki lipo, nyuma ya mlango wa choo. Sabuni siku ile haikuwepo. Bebeni kipande chenu.